Hodi Tatu za Zakariya Baya

Mchungaji na wazee wa kanisa, majirani zetu wa Kibokoni na Bondeni mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi, jamaa mliotoka Kaloleni alfajiri, shemeji yangu Mama Nyevu na wanao, Bwana asifiwe, na salaam aleikum. Mimi ni Bramwel Kiti, mdogo wake marehemu, baharia niliyeteremka meli miaka miwili iliyopita, yule ambaye katika vikao vya ukoo huambiwa akae nyuma kwa sababu ya mzaha, na leo nimetolewa mbele nisome historia ya kaka yangu, si kwamba najua kusoma kuliko wengine, ni kwamba nusu ya mambo mtakayoyasikia nilimletea mimi, kwa meli, ndani ya magunia ya viazi.

Marehemu Zakariya Baya Kiti alizaliwa tarehe 9 Machi 1962 huko Kaloleni, akiwa mtoto wa pili kati ya sita, na wazazi wetu wote wawili wametangulia. Alisoma shule ya msingi pale pale nyumbani kuanzia mwaka wa 1969 hadi 1975, na jambo moja la miaka hiyo siwezi kuliruka. Mwaka wa 1974 lilikuja gari la sinema la serikali kutufundisha habari za malaria, wakatundika shuka jeupe baina ya nguzo mbili za goli, na kwenye shuka hilo akatokea mbu mkubwa kama fahali, ana manyoya, anajinoa mdomo, na shule nzima ikatimka pamoja na mwalimu wa zamu. Mimi nilikuwa na miaka sita na nilipatikana kwenye shamba la mihogo la watu. Baya alibaki peke yake chini ya lile shuka, na filamu ilipokatika alimfuata dereva akamuuliza, mbu yule mwisho wake ulikuwaje. Dereva akamjibu kwamba filamu imeishia hapo. Kaka yangu hakuridhika, na naweza kusema hakuridhika maisha yake yote, kwa maana tangu siku hiyo alikuwa mtu wa kutaka kuona mwisho.

Mwaka wa 1976 aliletwa hapa kisiwani kwa mjomba wetu aliyekuwa na nyumba Buxton, akasoma sekondari hadi 1979, kisha akachukua mafunzo ya ufundi wa umeme, na mwezi wa Februari 1982 akaanza kazi ya kutengeneza redio na televisheni katika duka la Bwana Jaffar kule Bondeni, ambaye yuko nasi hapa, na ambaye kwa miaka zaidi ya thelathini alimwita marehemu fundi mbele ya wateja na mwendawazimu wakiondoka. Mwaka wa 1986 Bwana Jaffar alifungua chumba cha video nyuma ya duka, akaonyesha filamu za Kihindi na za karate, na kwa kuwa wateja hawakujua lugha hizo, Baya alisimama kando ya televisheni akawasimulia kwa Kiswahili, yaani akisema kila mtu alilolisema na mengine ambayo hakuyasema mtu. Wengi wenu mnaikumbuka sauti yake kuliko mnavyozikumbuka hizo filamu.

Lakini penzi lake halikuwa karate. Nilipoanza kazi melini mwaka wa 1989, nikiwa msaidizi wa mpishi, alinisindikiza hadi langoni mwa bandari, na agizo lake lilikuwa moja, nimletee filamu za kutisha, tena ziwe zile ambazo hata wenyewe huko hawazijui, kwani zinazojulikana zina watu wake. Alisema filamu ambayo watu waliihangaikia wakaitengeneza, kisha ikakosa wa kuitazama, ni kama mgeni aliyepiga hodi na ndani hakuna wa kumwitikia. Basi mimi, Bramwel, mtu ninayeogopa hata paka akipita darini, nimeingia maduka ya kanda Izmir, Surabaya na Santos, nikaonyesha kwa mikono kwamba nataka filamu ya mizimu ambayo haijapata kukodiwa na mtu, na wenye maduka wakanitazama kana kwamba mzimu ndiye mimi. Ndivyo ilivyofika Bondeni ile ya kinyozi anayenyoa vivuli vya watu, na ile ya cherehani inayoshona sanda za watu ambao bado wazima. Na ikafika pia ile niliyouziwa kwa hakikisho kwamba inatisha kupita zote, kumbe ilikuwa ya kuwafundisha madaktari wa mifugo namna ya kumzalisha ng'ombe, naye kaka akaisimulia kuanzia mwanzo hadi mwisho kwa sauti ya chini, watu wazima wawili wakatolewa nje kupepewa, na wiki nzima iliyofuata watu wakadai irudiwe.

Tarehe 12 Desemba 1992 marehemu alifunga ndoa na Jael, mwimbaji wa kwaya ya kanisa hili, waliyejuana naye alipoleta spika za kanisa zitengenezwe, na ikawa spika zile haziponi mpaka posa ilipojibiwa. Jael alimpenda, ila aliweka sharti, na alilisema mbele ya wazee siku ya posa, mimi na hao watu wako wasiokufa, chumba kimoja hatukai. Kaka alikubali. Walijaliwa watoto wawili, Nyevu mwaka wa 1994, aliyerithi jina la mama yetu, na Kiti mwaka wa 1997, na nyumba ile ya Buxton ikaenda na desturi yake, kwamba marehemu akiweka kanda, mlango wa sebule hufungwa, yeye akabaki ndani na mizimu yake, shemeji akabaki jikoni akiimba tenzi kwa sauti ya kuishinda televisheni. Mimi nilikuwa upande wa jikoni, na nilikuwa nikiimba besi.

Mwaka wa 1995 nilimletea kanda ambayo kasha lake halina picha wala jina, ya lugha ambayo mpaka leo hatujaitambua, na hiyo ndiyo aliyoipenda kuliko zote. Ni habari za mwanamke mjane katika nyumba ya upweke, ambaye mumewe alizama ziwani, na kila jioni wakati wa chakula mume huyo huja akabisha mlango mara tatu, kisha huondoka. Baya aliita filamu hiyo Hodi Tatu, akisema hao watu, popote walipo, wana adabu kama zetu, kwani hata kwetu hodi hazizidi tatu, ukikosa kuitikiwa unarudi ulikotoka, na maiti mwenye adabu ndiye wa kuogopwa. Jioni ya mwisho yule mjane anaweka sahani ya pili mezani, anausogelea mlango, na hodi ya tatu inapobishwa anasema karibu. Mlango unafunguka, nje hapana mtu, ila nyayo za maji zinaingia sakafuni moja moja hadi kwenye kiti, na yule mwanamke hapigi kelele wala hakimbii, anampakulia. Aliionyesha mara moja tu kule Bondeni, watu wakaondoka katikati, na Bwana Jaffar akamwambia, fundi, watu wataka jini mwenye meno, nawe wawaletea mjane na sufuria. Baya akairudisha nyumbani, akawa anaitazama peke yake, na kila baada ya miaka kadhaa alimwita mkewe kutoka mlangoni, Mama Nyevu, hii si ya kutisha, hii ni ya mapenzi, njoo uone mwisho tu, naye akajibiwa kwamba wali utaungua. Kanda zilipoanza kuota ukungu, Nyevu alizihamisha zote kwenye kompyuta, na hiyo ya Hodi Tatu ndiyo baba yake aliyomkabidhi kwanza.

Mwaka wa 2016 marehemu alipatikana na maradhi ya kisukari, yakamshika macho, na kufikia mwisho wa 2021, mwaka ule walipohama Buxton wakapanga ghorofa ya chini ya nyumba ya Bi Tumu kule Kibokoni, alikuwa haoni kabisa. Msimuliaji sasa akawa anahitaji msimuliaji. Nilipokuja likizo mwaka wa 2022 nilijitolea, tukakaa wawili mbele ya televisheni, nikaanza kumweleza, na baada ya muda akaniuliza kwa upole, Bramwel, mbona filamu hii yote wasema kuna giza. Nilikuwa nimefumba macho tangu mwanzo. Alicheka mpaka Bi Tumu akateremka kuuliza kuna nini, na kazi hiyo nikavuliwa siku hiyo hiyo.

Alasiri moja ya mwezi wa Mei 2023, bila ya kuombwa na mtu, shemeji yangu Jael alirudi kutoka mazoezi ya kwaya, akavuta kiti, akakaa kando ya mumewe, akamwambia, haya, weka hao watu wako nikwambie wanafanya nini. Nilikuwapo, na sijapata kusikia msimuliaji kama yule. Alisimulia na kuonya kwa pamoja, akisema sasa katoka kaburini, shati halina kifungo hata kimoja, na mama yake yuko pale pale hamwambii kitu, akasema huyu mwenye shoka ana uso wa huruma, shida yake ni kukosa malezi, akasema msichana kaingia gizani peke yake, nami nilimwambia asiingie. Kaka yangu alikaa ameinua uso kama mtu anayeota jua la asubuhi. Alizijua filamu zote kwa moyo, alijua pale ambapo mkewe amemwokoa mtu aliyechinjwa, hakumsahihisha. Miaka thelathini ya ndoa, na hiyo ndiyo mara ya kwanza mlango wa sebule ulikuwa wazi.

Walizimaliza zote, isipokuwa moja. Hodi Tatu waliianza mara nyingi, na kila mara shemeji alisimulia vizuri mpaka sahani ya pili, mpaka mjane anaposogea mlangoni, kisha akanyamaza, akasema stima imepotea. Baya husema, basi, kesho. Mwaka jana, tumekaa barazani sisi wawili, aliniambia, Bramwel, mimi ni fundi wa umeme, stima imepotea na feni yanipuliza kisogoni. Nikamuuliza mbona hamwambii, akanijibu, muache, mwisho naujua, ninachotaka ni kuusikia kwake, naye siku akiwa tayari atanimalizia. Nilimwambia nimalizie mimi, nikapewa jibu ambalo mchungaji ataniwia radhi nisipolisoma.

Mwezi wa Juni mwaka huu wa 2025 figo zake zilidhoofika, akalazwa, akawa anasafishwa damu, na mwanzoni mwa Agosti madaktari walituita wakatueleza ukweli kwa heshima. Jioni ya tarehe 5 alimshika mkewe mkono pale kitandani, akamwomba amsimulie ule mwisho hivyo hivyo, bila ya televisheni, naye shemeji akamwambia, ukirudi nyumbani. Alifariki kesho yake, Jumatano tarehe 6 Agosti 2025, saa tatu asubuhi, shemeji akiwa bado ngazini na chupa ya uji.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila ya kuchoka, inamshukuru Bi Tumu ambaye tangu Juni hakuruhusu jiko la nyumba ile liwashwe na mtu mwingine, inamshukuru Bwana Jaffar na mafundi wote wa Bondeni waliofunga maduka leo, na inaishukuru kwaya kwa kunivumilia mimi na ile besi. Marehemu ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watatu, na filamu arubaini na kitu ambazo duniani hapana anayezijua, na yeyote kati yenu akitaka kuzitazama, Nyevu anazo, karibuni nyumbani, nami nitakuwa jikoni.

Limebaki jambo moja, nami shemeji ameniruhusu nilisome. Usiku wa pili wa matanga shemeji aliniita kando akaniambia habari ya feni, akidhani siijui, na nilipomwambia kwamba hata kaka aliijua, alinieleza sababu. Alisema kwamba kila alipolifikia lile neno alimtazama Baya alivyokonda, na aliogopa akisema karibu ndani ya nyumba yake, ataitika mwingine. Alisema pia kwamba sasa huyo mwingine amekwisha kuja bila ya kukaribishwa, na kwamba aliyemnyima neno hilo ni mumewe. Mimi nilimwambia kaka hakuona kuwa amenyimwa, aliona kuwa anangoja, lakini kumwambia hivyo ni rahisi, na ninajua kwamba hakutamtosha.

Kwa hiyo, kaka yangu, kwa idhini ya mchungaji, ambaye amekohoa lakini hakukataa, naanza pale tulipoachia. Ni jioni, stima ipo, feni inazunguka. Mjane ameweka sahani mbili mezani, amejifuta mikono kwa leso, hodi ya kwanza imebishwa akiwa bado ameketi, ya pili imemkuta amesimama, ametembea hadi mlangoni akaweka mkono kwenye komeo, na sasa imebishwa ya tatu. Neno linalofuata mkeo amenikataza kulisoma, amesema atasimama alitamke mwenyewe, kwa hiyo mimi nanyamaza, nampisha. Pumzika kwa amani, Baya, na usikilize.