Bibi Akibisha Mlango

Basi la alfajiri hubeba waliokesha kazini, na kwa kawaida humo husikika mikoromo tu. Leo, kwenye kiti cha mbele yangu, mwanamke anayefua mashuka ya hospitali alikuwa akimsimulia mlinzi wa duka, mtu asiyemjua hata kwa sura, habari za wanawe wawili.

"Nikiwa zamu ya usiku wanalala peke yao, kaka. Lakini binti mkubwa ana akili ya mtu mzima."

"Ana miaka mingapi huyo mtu mzima?"

"Kumi."

"Dada, mimi nakesha nalinda majokofu," alisema mlinzi, "na sijawahi kusikia jokofu likimlilia mama."

Nilimeza kicheko. Mwanamke alikuwa akikunja pindo la mtandio wake, akilinyoosha, akilikunja tena, kama bado yuko kazini.

"Nilimfunza kwamba mtu yeyote akibisha usiku, apige kelele za mwizi. Juzi mdogo akashikwa na homa. Bibi wa chumba cha pili akasikia kilio, akaja na dawa. Binti yangu akampigia kelele, mtaa mzima ukatoka na fimbo."

"Maskini bibi! Na mtoto?"

"Homa ilishuka yenyewe, Mungu si Athumani. Bibi nilikwenda kumwomba radhi. Na binti nimemwambia, bibi akibisha, mfungulie."

"Hapo sasa umenena."

"Habishi tena, kaka."

Mlinzi aligeukia dirishani. Basi halijasimama vizuri, mwanamke alikuwa keshashuka anakimbia, ufunguo mkononi.