Cephas Nyangau Mayaka, Mshika Mnyororo wa Got Rabuor

Mchungaji, wazee, majirani wa kilima cha Got Rabuor na wageni mliotoka Rongo, Migori na Homa Bay: leo Ijumaa, tarehe 17 Oktoba 2025, tunamzika Mzee Cephas Nyangau Mayaka. Aliishi miaka sitini na saba, na katika miaka hiyo hakupokea kitu chochote bila kuuliza kimetoka wapi, isipokuwa mara moja. Maisha yake yamewekwa hapa kama alivyoyasimulia mwenyewe na kama familia ilivyoyathibitisha. Angetaka yathibitishwe.

Alizaliwa tarehe 11 Machi 1958 karibu na Rongo, mtoto wa tatu wa Mzee Mayaka, muuza chumvi na sabuni, na Mama Kwamboka. Wazazi wake walikuwa Waadventista waliohamia pale kutoka Kisii kutafuta biashara. Dada yake, Mama Nyasuguta, anakumbuka kwamba tangu utotoni hakunywa chai kabla ya kuangalia vikombe vya wengine vimejazwa mpaka wapi.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1966 hadi 1972. Shuleni kulikuwa na uji wa saa nne. Marehemu alianza kumshuku mpishi, kwa kuwa alikuwa na pawa mbili: moja aliitumia kwa watoto wa wenye maduka, na nyingine, iliyobonyea chini, kwa watoto waliobaki. Siku moja alizichukua zote mbili, akazijaza maji mbele ya mwalimu mkuu na kuyamimina katika glasi. Pawa iliyobonyea haikujaza glasi. Aliadhibiwa kuteka maji wiki nzima kwa kosa la kuingia jikoni, lakini pawa ile haikuonekana tena. Mtoto mmoja wa wenye maduka alikuwa binamu yake, Tony Mosoti, waliyekaa naye dawati moja. Ndugu Tony yuko nasi leo, ameketi safu ya mbele, na familia inamshukuru kwa kufika.

Marehemu alimaliza kidato cha nne mwaka 1976. Karo ya kuendelea haikupatikana. Ndugu Tony aliendelea.

Mwaka 1978 aliandikwa kibarua katika kikosi cha kupima ardhi. Kazi yake ilikuwa kushika mnyororo wa kupimia, na aliipenda kuliko kazi yoyote. Februari 1984 kikosi chao kilifika hapa Got Rabuor, upande wa Lambwe, kugawa kilima hiki katika vipande tisa, kimoja chini ya kingine, kutoka kileleni hadi kijitoni. Wasiojua kazi hii waelewe jambo moja, maana kila kitu kinachofuata kimetoka hapo. Kwenye mteremko, mnyororo haulazwi juu ya nyasi. Aliye chini huuinua hadi kifuani na aliye juu huushika ardhini, ili ukae mlalo kama maji katika sufuria, kwa sababu ramani hupima hivyo. Ukiulaza ufuate mteremko, kila kipande kinapungua hatua kadhaa, na mwenye shamba hatajua, kwa sababu karatasi yake itaonyesha kipimo kamili.

Siku hiyo jua lilikuwa kali. Marehemu aliuinua mnyororo katika kipande cha kwanza. Savea, mpima ardhi aliyeongoza kikosi, akaguna.

"Bwana Nyangau, unapima ardhi au unacheza densi? Laza huo mnyororo twende."

"Lakini mzee, hapa kuna mteremko."

"Mteremko ndio utakulipa mshahara?"

Akaulaza. Vipande vyote tisa vilipimwa hivyo. Walipofika chini na kupanda bikoni ya mwisho, jiwe la mpaka, kijito kilikuwa bado mbali, karibu hatua themanini. Ukanda huo wenye udongo mweusi uliandikwa kuwa mabaki. Kabla ya wiki mbili kwisha, wakati hata chifu alikuwa hajasikia habari za mabaki, Ndugu Tony alifika kutoka Rongo na barua ya kuuomba. Marehemu hakuwahi kudai kwamba anajua ni nani aliyemwambia. Alichosema ni kwamba mwezi uliofuata savea alikuja kazini na pikipiki mpya, ya rangi ya samawati.

Katika safari za kazi alipita Rodi Kopany, na sokoni akakutana na msichana aliyeuza ndizi. Alihesabu vidole vya mkungu, akavihesabu tena. Msichana akamwuliza, "Kaka, unanunua ndizi au unaziandikisha kupiga kura?" Alicheka, akanunua mkungu wote, na wiki iliyofuata akarudi. Msichana huyo ni Mama Damaris Moraa. Walifunga ndoa kanisani Rongo tarehe 7 Desemba 1986, wakabarikiwa watoto watatu: Ken, Liz na Jeff.

Mwaka 1991 alinunua kipande cha tisa, hiki tunachokanyaga, cha chini kabisa, kinachopakana na waya uliozungushiwa ukanda, ambao sasa ulikuwa wa Ndugu Tony. Wakati huo ukanda ulikuwa umewekwa pampu na kupandwa nyanya na sukuma za kuuzwa mpaka Kisumu. Ndugu Tony alimpa kazi ya usimamizi, na nyumba ilipomalizika akamletea mabati thelathini. Hii ndiyo mara moja iliyotajwa hapo juu. Marehemu alisema hakuuliza yametoka wapi kwa sababu aliogopa kujibiwa.

Mwaka 1997, akipima mistari ya mahindi kwa kamba aliyoishika mlalo, alikuta shamba lake limepungua hatua nane na nusu kuliko karatasi. Akapima upya. Akapima la jirani wa juu. Jioni hiyo alielewa kwamba hakukuwa na mabaki yoyote mwaka 1984. Ukanda wa kijitoni ulikuwa umekatwa kidogo kidogo kutoka kwa familia tisa, na mkono uliokata ulikuwa wake. Kila asubuhi aliwapokea majirani hao hao langoni, vibarua wa siku, wakavuna nyanya katika ardhi ambayo kwenye ramani ilikuwa yao. Ndugu Tony akajenga nyumba ya ghorofa Rongo, kisha nyingine Migori mjini. Kilimani watu waliuza ng'ombe, wakauza mbuzi, wakabaki na kuku. Marehemu alinyamaza miaka kumi na miwili. Familia haifichi jambo hili, maana yeye hakulificha.

Ukame wa 2009 ndio uliomaliza kimya hicho. Ili kufika kijitoni watu walizunguka waya mwendo wa saa nzima. Mjane wa kipande cha tatu, tunayemwita sote Nyar Kaksingri, yaani binti wa Kaksingri, kwa kuwa aliolewa kutoka huko, alipenya chini ya waya na mtungi wake. Mlinzi akamshika na kumwaga maji, kisha akamleta kwa msimamizi ili jina lake liandikwe.

"Andika, Jaduong'," alimwambia marehemu, akimwita mzee kwa Kijaluo. "Lakini andika vizuri. Andika kwamba mimi nilichota hapa kabla hiyo waya haijazaliwa."

Marehemu aliweka kalamu chini, akachukua mtungi, akaujaza mwenyewe na kumbebea hadi kwake. Jumatatu iliyofuata alisimama katika baraza la chifu akasema yote: mnyororo, mteremko, savea, hatua nane na nusu. Watu hawakumpigia makofi. Mzee Magige wa kipande cha tano, aliyehamia hapa kutoka Kuria, alimfokea, "Miaka ishirini na tano ulikuwa wapi?"

"Miaka ya kwanza nilikuwa mjinga," marehemu alijibu. "Hii mingine nilikuwa chini ya mabati ya Mosoti."

Alirudi nyumbani akapanda juu na nyundo. Aling'oa mabati yote thelathini, akayapakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe na kuyashusha langoni kwa mwenyewe. Mvua ya kuvunja ukame ilianza siku nne baadaye. Mama Damaris, akiwa chini ya turubai na watoto, alisema maneno ambayo hurudiwa hapa kilimani mpaka leo: "Baba Ken, ungengoja mvua ipite ndipo uwe mwaminifu."

Tangu hapo hakuajiriwa tena na mtu. Alilima, na kila Jumapili alipanda kilima na mnyororo mzee alionunua Homa Bay, akawafundisha majirani kuushika mlalo mpaka wote tisa wakajua upungufu wao kwa hatua. Mwanzoni wengi walimshuku, wakasema ametumwa na Mosoti kuwachunguza. Hakukasirika. Alisema wana haki, akawapa mnyororo wapime bila yeye. Mwaka 2019 familia tisa zilifungua kesi mahakamani Homa Bay, naye ndiye aliyekuwa shahidi wa kwanza.

Mwezi Mei mwaka huu miguu yake ilianza kuvimba. Figo zilikuwa zinashindwa kazi. Katika hospitali ya serikali mashine za kusafisha damu zilikuwa mbili na wagonjwa wengi, na zamu yake ilifika mara moja kwa wiki alipohitaji tatu. Tarehe 27 Septemba, Ndugu Tony alifika wodini, mara ya kwanza kuonana naye kwa miaka kumi na sita. Alileta matunda. Mama Damaris na Liz walikuwepo, na wao ndio waliothibitisha mazungumzo haya.

"Ndugu yangu Cephas, gari liko nje," alisema. "Kisumu kuna hospitali nzuri, kitanda nimeshalipia, utasafishwa hata kila siku. Weka sahihi hapa tuondoke. Ni fomu tu."

"Liz, nipe miwani."

"Aa, utasoma nini na hali hii?"

Alisoma kurasa zote mbili, polepole, kidole kikifuata mstari. Fomu ilisema kwamba mwaka 1984 mnyororo ulishikwa mlalo kutoka kileleni hadi chini, na kwamba maneno ya 2009 yalisemwa kwa hasira za kazi. Marehemu alivua miwani.

"Tony, hiyo hospitali ya Kisumu inatibu figo au inatibu mnyororo?"

Gari liliondoka tupu. Mama Damaris ameruhusu linalofuata lisomwe mbele yenu. Alilia, akamwambia mumewe, "Weka sahihi. Ukipona utakana." Marehemu alimshika mkono akamjibu, "Mama Ken, nilidanganya kwa kulaza mnyororo, nikadanganya tena kwa kunyamaza. Nikidanganya mara ya tatu, nani ataniamini nikikana?" Alifariki siku ya Jumatano, tarehe 8 Oktoba 2025, saa tatu asubuhi, zamu yake ya mashine ikiwa kesho yake.

Siku mbili baadaye familia ililetewa habari kwamba Ndugu Tony amejitolea kulipa jeneza, gari, hema na fahali wawili, mradi marehemu azikwe kwao Rongo, karibu na wazazi. Familia ilijiuliza, kama marehemu angejiuliza, kwa nini mtu ambaye hakumtembelea miaka kumi na sita ana haraka ya kumchagulia kaburi. Kila mtu hapa anajua kaburi husema nini kuhusu shamba: husema ni la nani. Familia ilishukuru, ikakataa. Jeneza limetengenezwa na fundi Mochama kwa mikalatusi ya hapa. Hema ni la kanisa. Shada kubwa la maua lililofika jana limewekwa pale penye kivuli, na kadi yake haijafunguliwa.

Kaburi liko upande wa chini wa kipande cha tisa, hatua moja kutoka kwenye waya, kama alivyoagiza. Leo asubuhi Ken na Nyar Kaksingri walilipima kwa mnyororo wake, Nyar Kaksingri akiwa chini ameuinua hadi kifuani.

Ameacha mjane wake, Mama Damaris Moraa, watoto wake Ken, Liz na Jeff, wajukuu watano, dada yake, Mama Nyasuguta, na familia nane za kilima hiki alizozihesabu kuwa zake. Kesi itasikizwa tarehe 19 Novemba. Tumesikia inasemwa sokoni kwamba shahidi akishazikwa, maneno yake yamezikwa naye. Kilima hakizikwi. Anayemshuku marehemu, aje Jumapili yoyote. Mnyororo uko kwa Liz.

Pumzika kwa amani, Cephas. Hapa ulipolala umepimiwa kamili.