Jina Ndani ya Kola

Kivuko cha Kamanga kilikuwa katikati ya ziwa pale mama muuza mitumba alipolishika shati la kijana aliyesimama kando yake. Hawakuwa wakijuana.

“Shikamoo, mama. Si la kuuza,” kijana alisema akicheka.

“Marahaba. Umelitoa wapi?”

“Kwa fundi mmoja Igoma, kule mjini. Anabuni mwenyewe, halina pacha.”

“Mimi ninayo ya Ulaya, yamefuliwa na wenyewe mpaka yamekoma kuchuja!”

Kijana akageuza kola. “Ila hili lina mimi. Fundi anakupa chaki, unaandika jina lako, naye anapitisha uzi juu ya mwandiko wako huo huo.”

“Na mwenye mwandiko kama kuku kaparura?”

“Anashona kuku, mama.”

Nyuma yao mzee Revocatus, aliyeegemea lori, hakucheka. Tangu utotoni alivaa mashati yaliyokwisha kuvaliwa na watu asiowajua, na kuandika alikuwa amejifunza mwaka huu tu, kwenye masomo ya jioni parokiani. Alilitamani shati lile mpaka akaona haya mbele za Mungu. “Bwana,” aliomba kimoyomoyo, “kama si majivuno, nifikishe Igoma.”

Mama alikuwa bado anabisha. “Jina ndani ya kola, nani ataliona?”

“Mimi.”

Revocatus aligeukia mlango wa lori uliojaa vumbi, akaandika jina lake kwa kidole, polepole, bila kuruka herufi. Kivuko kikagota gatini. Lori likanguruma, likapanda kuelekea mjini na jina lake, naye akalisindikiza kwa macho mpaka likapotea.