Mwana wa Chongowe na Kaburi la Baba Yake

Wasikilizaji wapendwa, leo tumeanza bila muziki. Ni mimi mwenyeji wenu, Nasri Semeni, na niliyekuja kumzungumzia ni mama aliyezikwa wiki iliyopita kijijini Chongowe, kusini ya mji wetu wa Tanga. Jina lake ni Mwanakhamis binti Mbarouk. Watu wa Chongowe walimwita Mwana. Alikuwa diwani wao, na alikuwa diwani wa mwisho. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Nisije nikawapoteza vijana. Nikisema diwani, simsemi diwani wa kata, huyu tunayempigia kura. Nasema mtawala wa zamani wa pwani yetu, aliyefungwa kilemba na wazee, akapigiwa ngoma, akaamua kesi za watu. Chongowe walikuwa na madiwani wao tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka. Mmoja alichimba kisima kinachotumika hadi leo. Mmoja Wajerumani walimfunga, akarudi amepofuka. Wawili walikuwa wanawake. Na wote walizikwa mahali pamoja, kwenye makaburi ya mawe na chokaa, pale ufukweni.

Baada ya uhuru, serikali ilifuta utawala wa machifu. Diwani wa wakati huo alikuwa Mbarouk, baba yake Mwana. Akabaki na kilemba tu. Lakini watu hawakuacha kumwendea na magomvi yao. Alipougua miguu, aliyekuwa akimsikilizia watu barazani ni binti yake huyu, Mwanakhamis.

Alivyokuwa akiamua! Majirani wawili waligombania mfenesi ulioota mpakani, wakafika hadi kushikiana mapanga. Mwana akawaambia, "Hilo fenesi lenyewe mmelileta? Lileteni tulionje." Likapasuliwa. Akawalisha wote wawili kwa mikono, hadi vidole vikagandana kwa ulimbo. Kisha akatoa mafuta ya nazi ya kunawia, kikombe kimoja, akakiweka katikati yao, akaingia ndani. Aliporudi, wale majirani walikuwa wanapakana mafuta na kucheka. Kesi ikaisha.

Mzee Mbarouk alipofariki, miaka ya themanini, wazee walimfunga kilemba Mwanakhamis. Na hapo, wasikilizaji wapendwa, ndipo msiba wenyewe ulipoanzia.

Mwana alikuwa na mdogo wake, Hatibu. Mtoto pekee wa kiume wa Mzee Mbarouk. Hatibu alikuwa Pemba, kwenye karafuu, ameoa na kutulia huko. Alipokuja kwenye hitima ya baba yao akamkuta dada yake ameshavishwa. Binti yake Mwana, Bi Khadija wa Nguvumali, alikuwepo. Anasema, "Mjomba hakupiga kelele. Alimwambia mama, 'Dada, hata kuningoja mlishindwa?' Akachukua mkoba wake, akarudi Pemba."

Miaka ikapita. Salamu za Idi zilikuwepo. Mapenzi yalikuwa mbali.

Kisha bahari ikaanza kuula ufuo wa Chongowe. Minazi ya mbele ikaanguka. Maji yakasogea hadi kwenye makaburi ya madiwani. Kaburi la Mzee Mbarouk lilikuwa la mwisho kuchimbwa, kwa hiyo ndilo lililokuwa pembezoni kabisa, karibu na maji. Sheikh akaulizwa. Akasema kwa dharura kama hiyo kuhamisha kunaruhusiwa, ila ni vyema watoto wa marehemu waafikiane.

Mwana akampigia Hatibu simu. Bi Khadija alikuwa kando yake, na jibu alilisikia. "Dada, kilemba umechukua. Sasa unataka na mifupa?"

Vijana walikuwa tayari na majembe. Mzee Rama, mchimba makaburi wa Chongowe, akamwendea. "Mwana, toa neno tuanze. Maji hayangoji."

Mwana akasema, "Subirini. Safari ile hatukumngoja. Hatibu ni mtoto wa baba kama mimi. Safari hii nitamngoja."

Akangoja. Wasikilizaji wapendwa, alingoja hadi bamvua kubwa la mwaka ule. Maji yalipanda mchana kweupe, watu wanaangalia. Ukingo ukamomonyoka, na kaburi la Mzee Mbarouk likaenda nalo. Hawakuokota kitu. Mwana alisimama pale na baibui lake limelowa hadi magotini, akawa anaita, "Baba! Baba!" kama mtoto aliyepotezwa sokoni.

Siku iliyofuata akatoa neno. Makaburi yaliyobaki yakahamishiwa juu, nyuma ya msikiti. Safu ya mbele akaacha nafasi moja wazi. Kisha akampigia Hatibu. "Baba amechukuliwa na maji," akasema. Simu ikakatika. Toka siku ile, ndugu wale hawakusikiana sauti tena.

Wiki iliyopita Mwana alifariki akiwa nyumbani kwa Bi Khadija, Nguvumali. Moyo ulichoka. Akapelekwa Chongowe, akazikwa nyuma ya msikiti. Mzee Hatibu alipopata habari alipanda meli kutoka Pemba. Alifika, mazishi yamekwisha.

Nilikuwepo. Haya nayasema kwa idhini yake, maana nilimwomba na akasema, "Yaseme yote." Mzee Rama alimtembeza makaburini. Huyu ni yule wa kisima. Huyu ni yule kipofu. Huyu, bado mchanga mbichi, ni dada yako. Mzee Hatibu akaonyesha ile nafasi ya mbele. "Na hapa je?"

"Hapo ni pa baba yenu," Mzee Rama akajibu. "Mwana hakutaka azikwe mtu hapo. Hata yeye mwenyewe alikataa."

Mzee Hatibu akaketi mchangani na kanzu yake nyeupe. "Alikuwa ananingoja mimi," akasema. "Mimi ndiye niliyemtosa baba."

Baada ya hitima, wazee walileta kilemba. Walitaka kumfunga. Alikishika, akakitazama sana, akawarudishia. "Nimekitaka hiki umri wangu wote," akasema. "Dada niliyetaka anione nacho amekwenda. Kikunjeni, wazee wangu. Basi." Hakuna aliyebishana naye. Hivyo ndivyo udiwani wa Chongowe ulivyokwisha.

Bi Khadija alimwandalia mjomba wake chakula. Wakiwa wanakula akamwambia, "Mama kila Idi alikuwa akishika simu, akiitafuta namba yako. Kisha anaiweka. Anasema, 'Atapiga yeye.'"

Mzee Hatibu akaacha kula. "Na mimi nilikuwa nasema hivyo hivyo, mwanangu. Atapiga yeye."

Kwa Bi Khadija na watoto wake, kwa Mzee Hatibu na watu wake wa Pemba, na kwa Chongowe nzima, tunatoa pole kwa moyo wote. Mwenyezi Mungu amrehemu Mwana, na baba yake ambaye kaburi lake Yeye ndiye anayelijua.

Wasikilizaji wapendwa, mlioko Mabawa, Usagara, na mnaotusikiliza ng'ambo ya pili kule Pemba. Kila mmoja wetu ana mtu ambaye anangoja apigiwe naye. Ni dada, ni kaka, ni rafiki wa zamani. Umemkumbuka? Huyo huyo. Muda wangu haujaisha, lakini nanyamaza hapa, mpate nafasi ya kumpigia.