Harusi Iliyosogezwa kwa Ajili ya Ndoto

Wasikilizaji wapendwa, mlioko mabondeni na mlioko huku juu milimani, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka Tšeliso Ramakatane, mpanda farasi aliyepeleka dawa kwenye zahanati za milimani. Mto Senqu ulimchukua mwezi wa Januari, akienda kwa mchumba wake, Nthatisi. Watu wanasema ilikuwa imeandikwa. Sikilizeni kwanza ilivyokuwa.

Walikutana zahanati. Nthatisi alikuwa amempeleka mtoto wa dada yake, anakohoa. Tšeliso akaingia na mifuko ya dawa, blanketi limelowa umande, akasalimu foleni nzima, mtu mmoja mmoja. Nthatisi akamwuliza kama anagombea ubunge. Tšeliso alicheka mpaka akaangusha mfuko. Tangu siku hiyo dawa za zahanati ile hazikuchelewa tena.

Ng'ombe wa mahari walikubaliwa. Harusi ikapangwa Juni, wakati wa baridi, wakati Senqu umenywea hadi mbuzi wanavuka wakilowa magoti tu.

Ndipo shangazi yake Nthatisi, Mama Mosa, alipoota ndoto. Alimwona Tšeliso mlangoni, amelowa chapachapa, anatabasamu. Asubuhi akawaita wazee, akasema hiyo ni ishara, harusi isogezwe. Wazee wakakubali.

"Shangazi," Nthatisi alimwambia, "kama unaogopa maji, si tuoane sasa mto ukiwa mkavu? Mbona mnatusogeza kwenye mvua?"

Akajibiwa kwamba msichana habishani na ndoto za wakubwa. Juni ikawa Septemba. Septemba nayo ikasogezwa, kwa ndoto ile ile. Rafiki zake Tšeliso walimtania kwamba ataoa akiwa na mvi, naye akawaambia mvi zitampendeza. Lakini kwa Nthatisi alisema kweli: "Nimechoka, mpenzi. Nimechoka kungoja mtu mwingine amalize kuota."

Wasikilizaji, Januari wazee wakapata dawa ya ndoto. Bwana harusi alete kondoo mweupe, amlete mwenyewe, achinjwe kwa Mama Mosa ili mkosi uondoke. Wakamwita aje Jumamosi. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Nthatisi akampigia simu, akamsihi asije.

"Nisipokuja watasema sikutaka," Tšeliso alimjibu. "Watatafuta sababu nyingine."

Alianza kuvuka mchana kweupe, watu wakimtazama. Kondoo alikuwa mbele yake juu ya farasi. Katikati ya mto farasi akateleza. Farasi alitoka. Kondoo alitoka. Tšeliso hakutoka.

Kwenda msibani, wazee walizunguka kwa lori njia ndefu ya daraja la chini ya mto, mwendo wa siku nzima kwa farasi. Hakuna aliyetaka kuvuka pale. Nthatisi hakupewa godoro la mjane, lile analokalia mke aliyefiwa, kwa kuwa hakuwa mke. Alikaa nyuma, na wapishi. Kutoka huko aliwasikia wanawake wakinong'ona, kwa heshima kabisa, kwamba Mama Mosa aliona. Aliyaona yote mapema. Mmoja akamsogezea mama huyo kiti kizuri zaidi.

Nthatisi akasimama. Hakupaza sauti. "Shangazi," alisema, "hukumwona amelowa. Ulimlowesha."

Mjomba wake akamwambia akae chini. Hakukaa. Mama Mosa alivuta blanketi hadi kidevuni, akatazama chini, mpaka padri akaanza sala.

Wasikilizaji wapendwa, kwa ukoo wa Ramakatane, kwa mama mzazi wa Tšeliso ambaye bado anatoka nje akisikia kwato, tunawapa pole kwa moyo wote. Pole pia kwako, Nthatisi, ambaye hakuna aliyekupa pole rasmi. Na sisi tunaosikiliza, tuulizane leo tukiwa mezani: ni nani tunamsubirisha, na kwa hofu ya nani?

Wiki hii tulimwuliza Nthatisi angependa tuseme nini juu ya Tšeliso. Akasema, "Msiseme redioni kwamba ilikuwa imeandikwa. Semeni aliitwa na watu, akaitika."