Kiti Kilichopakatwa

Jirani anadai fundi viatu aligongwa na lori. Kumbe lori lilikuwa limeegeshwa, na aliyegonga ni fundi na baiskeli yake, alipogeuka kumpungia mkono jirani huyo huyo. Goti likapasuliwa, likashonwa. Sasa anatoka kwa daktari na mkewe, na ndani ya basi mkewe amepakata kiti cha baiskeli kama mtoto mchanga. Tangu ajali amekuwa akikifungua na kutembea nacho kila aendako, mumewe asije akapanda baiskeli.

"Mama watoto, daktari si amesema niendeshe? Goti litaganda."

"Amesema polepole."

"Nitaendesha polepole."

"Wewe? Lori lililosimama limekushinda kukwepa!"

"Mama, mpe mzee kiti chake," akadakia abiria wa nyuma.

"Utamuuguza wewe?"

Abiria akaona heri atazame dirishani.

Fundi akashusha sauti. "Nimechoka kushikwa mkono hata nikienda kuoga. Nataka nikupeleke sokoni, umekaa nyuma, umenishika kiuno kama zamani."

Kidole cha mkewe kilikuwa kikifuta vumbi kwenye kile kiti. Basi likasimama kituoni kwao.

"Basi nipe nikibebe tu," fundi akasema. "Mpaka mlangoni kwetu."