Shukeni Kaburini Kwanza Mtazame Udongo

Njoo karibu, Marselina, uniegemeze. Na wewe Jastin, zima hiyo redio, maana pumzi niliyobakiwa nayo haitoshi kushindana na matangazo ya sabuni. Sikilizeni wanangu. Mimi Hezekia, baba yenu, naondoka, tena naondoka na aibu, na aibu hiyo sitaki kuwarithisha kimyakimya.

Mnajua nilikuwa mtu wa miamba. Serikali ilinisomesha mawe na udongo, nikaizunguka nchi hii na nyundo yangu mkononi, mpaka zilipokuja habari za kupunguza wafanyakazi, nikarudi hapa Chanzuru na begi moja. Biashara ilikuwa imeachiwa huru, malori ya Dar yanatafuta mkaa kule barabarani Mikumi, nasi tulikuwa na kilima chenye msitu alichotuachia babu yenu. Njaa haina adabu. Mlikata, mkachoma, mkauza, nami nikala na kuvaa, na mdomo huu uliofundisha wageni kwamba mizizi ndiyo inayoshika udongo haukuwaambia ninyi neno.

Ikaja ile mvua ya El Nino. Kijito kikafura, na shamba la jirani yetu Joha likalala chini ya mchanga, mahindi, migomba na yote. Akaja hapa uani, akaniamkia, akasema, “Mzee, wewe ndiye msomi wetu. Mchanga wote huu umetoka wapi?” Nikamjibu kwamba bahari imepata joto, mvua zimebadilika, dunia nzima inalia. Sikumdanganya, na hapo ndipo ubaya ulipo. Mvua ilitoka mbali, lakini mchanga ulitoka kwetu. Una ulanga, vile vigamba vinavyometa, na bonde hili lote halina mwamba wenye ulanga ila wa kilima chetu. Niliuona ukimeta kiganjani mwake. Akanishukuru, akaenda zake. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao; sisi tulilichuma, tukamlisha jirani. Na tangu niugue, kila asubuhi ananiletea uji wa unga wa kununua, yeye aliyekuwa na mahindi yake, nami naunywa huku naona haya kumtazama usoni.

Basi nyumba hii ni ya Marselina, aliyeniuguza. Kilima ni chako, Jastin, lakini najua umekwisha zungumza na mwenye lori juu ya miti iliyobaki pale chemchemi. Mwambie hapana. Usinijibu; mwambie hapana.

Nizikeni hapa bondeni. Kabla hamjanishusha, shuka wewe kwanza, Jastin, utazame kuta za kaburi. Chini utakuta udongo mweusi uliotulia tangu enzi za mababu, na michirizi myembamba ya mchanga katikati yake, maana mafuriko hayakuanza leo. Halafu juu, karibu na nyasi, utakuta mchanga wa kimo cha goti, unameta. Huo ndio wetu, wa miaka hii michache. Ushike. Na mtani wetu Donati atakapozuia jeneza kama ilivyo desturi, aanze kunisimanga mbele za watu, msimpe kitu ili anyamaze. Mwacheni aseme, hata akikitaja kilima chote.

Nipe maji... Basi, yametosha. Mungu awape mvua ya kiasi, wanangu, na awaachie udongo wa kuipokea. Msigombane. Pandeni. Hata kama hamtakaa kivulini, ninyi pandeni...

Nani anapiga hodi? Ni yeye. Hapana, Marselina, usiende kuupokea uji mlangoni, mwache aingie. Kaeni wote msikie.

Marahaba, Joha mwanangu. Uji... tua chini kwanza. Siku ile uliniuliza... ule mchanga... Jastin, nishike mgongo. Ule mchanga, mwanangu, ni wa kwetu.